Mikono ya Bi Baridi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza. Msimamizi amepita dirisha hadi dirisha akipigilia misumari ili maji yasiingie kwenye vitambaa. Mwaka jana marobota matatu yaliota ukungu, na Meneja hajasahau. Sasa wanawake mia na ishirini tunashona blauzi za shule ndani ya ukumbi mmoja ulioziba kama chungu kilichofunikwa, na pasi sita za mvuke zinatupumulia kutoka upande wa nyuma.

Mimi ni mkaguzi wa mwisho. Kila blauzi hupitia kwangu: kola, mikono, vifungo, pindo. Mbovu naitupa kushoto, nzima kulia. Kazi inanifaa. Tangu mume wangu azikwe, miezi minane sasa, napenda kazi ambayo haidai nifungue mdomo.

Daktari wa zahanati aliniambia nipate daftari, niandike kila siku ninachohisi. Haya, nimeandika. Sihisi kitu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua.

Ijumaa, 8 Machi

Kila jioni tunapanga foleni kwenye lango dogo, mikono juu, na Bi Baridi anatupekua: mabega, mbavu, kiuno, vifundo vya miguu. Jina lake halisi hakuna anayelitumia. Mikono yake ni baridi mwaka mzima, kama ya mtu aliyetoka kuosha vyombo alfajiri. Hapendwi. Utampendaje mtu anayejua kila jioni umeficha nini kiunoni?

Mchana tunakula pamoja, yeye na mimi, kwenye benchi nyuma ya stoo. Yeye hakai na wenzake kwa sababu ya kazi yake. Mimi sikai nao kwa sababu ya uso wangu.

Leo alinivuta pembeni. "Mwanao yule," alisema.

Anamaanisha Chiriku, binti wa dada yangu. Ana miaka kumi na tisa, anaishi kwangu, anashona kola kwenye mashine ya kumi na nne. Tulimwita Chiriku tangu utotoni kwa sababu akiamka yeye hakuna anayelala tena.

"Nimemkuta na kitambaa. Mita nzima amejizungushia kiunoni."

"Umeandika?"

"Sijaandika. Nimemvua, nimekirudisha stoo. Lakini mara ya pili nitaandika, mwenzangu, hata angekuwa mwanangu wa kumzaa. Mwambie."

Nilimwambia tulipofika nyumbani. Chiriku, ambaye huongea hata na sufuria, alinyamaza mpaka chakula kikapoa. Kisha akasema, "Yule mama hanipendi tu."

Jumatano, 13 Machi

Saa tisa alasiri Chiriku ameanguka.

Cherehani zikinguruma zote husikii hata moja. Ikinyamaza moja, unasikia. Niliinua kichwa, nikamwona anateleza kutoka kitini, taratibu, kisha miguu ikaanza kupiga sakafu na macho yakageuka meupe. Wakammwagia maji. Msimamizi na wapiga pasi wawili wakambeba mpaka kwenye gari, wakapita naye lango kubwa, mbele ya Bi Baridi. Mgonjwa hapekuliwi.

Niliruhusiwa kwenda naye. Msimamizi alimwinamia njia nzima. "Ulianza lini kujisikia vibaya? Ulikula nini? Nani alikugusa?" Hilo la tatu aliliuliza mara nne au tano. Mwishowe Chiriku akafumbua macho.

"Yule wa langoni," akasema. "Mikono yake."

Zahanati hawakuona ugonjwa, wakampa vidonge vya kichwa. Nyumbani nilimvua nguo alale. Kiunoni alikuwa na kitambaa cheupe, mita mbili, kimebana barabara. Tulitazamana. Yeye ndiye aliyefumba macho kwanza. Nilikikunja, nikakiweka chini ya godoro langu, nikaenda kuinjika chai.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ufanye nini ukikikuta.

Alhamisi, 14 Machi

Wameanguka wawili. Mmoja wa pasi, mmoja wa mashine ya ishirini.

Ijumaa, 15 Machi

Kumi na mmoja. Mmoja akianza kutetemeka, jirani yake anashika meza kwa mikono miwili, anamtazama, anatikisa kichwa kama anayekataa kitu, kisha naye anakwenda. Wanaanguka kama nguo kwenye kamba iliyokatika. Hawaigizi. Nimekaa na mwigizaji nyumbani kwa siku mbili, najua tofauti.

Chiriku amerudi kazini. Wanamzunguka, wanamuuliza, naye anaeleza. Kila akieleza, hadithi inaongezeka kiganja.

Sasa kila mtu ana lake la Bi Baridi. Kwa nini mikono iwe baridi ndani ya joto hili? Kwa nini hana mtoto? Kwa nini anakupapasa mbavu moja moja kama anazihesabu? "Lisemwalo lipo," wanasema, na wakishasema hivyo wanatulia, kama wamepokea risiti.

Benchi, saa saba mchana.

"Unasikia wanavyosema?" aliniuliza.

"Nasikia."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema ule, chakula kinapoa."

Alicheka. Mimi nilikuwa sitanii. 

Jumatatu, 18 Machi

Meneja ameleta daktari, kijana mwenye miwani. Alipima presha, akauliza tunakunywa maji saa ngapi, akaenda kugusa dirisha, akagusa msumari. "Hawa hawana ugonjwa wa kuambukiza," alisema mbele yetu sote. "Wana joto, wana uchovu na wana hofu. Fungueni madirisha."

Jumanne, 19 Machi

Madirisha yalifunguliwa. Hakuna aliyeanguka. Saa kumi mvua ikaingia na upepo, blauzi arobaini zikalowa tope. Meneja mwenyewe alipanda kwenye ngazi na nyundo.

Jumatano, 20 Machi

Tisa. Meneja anasema daktari yule ni wa vitabuni.

Ijumaa, 22 Machi

Wanawake wamekataa kupekuliwa. Wanapita langoni wamejikunyata, wengine wanakimbia, na Bi Baridi amesimama na mikono yake imening'inia. Stoo inasema kitambaa kinapungua kwa marobota.

"Jini gani hili linalopenda pamba nyeupe?" aliuliza Mama Vifungo kwa sauti. Yeye hushona vifungo meza ya jirani yangu, na mdomo wake hauna mlango. Hakuna aliyecheka. Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

Jumatatu, 25 Machi

Tumeitwa ofisini mmoja mmoja. Mimi nimekuwa wa kwanza, kwa kuwa ni mlezi wa aliyeanza.

Meneja alinikaribisha kiti. Hajawahi. Msimamizi alisimama nyuma yangu. Mezani palikuwa na karatasi moja, mistari michache imeandikwa juu na nafasi nyingi ya majina chini: kwamba sisi tuliotia saini tumeguswa na mpekuzi kwa namna isiyo ya kawaida, na baada ya hapo tukapatwa na hali.

"Mimi sijapatwa na hali," nilisema.

"Binti yako amepatwa."

"Ndiyo."

"Basi unasaini kwa niaba ya uchungu wako, mama. Hatumpeleki mtu polisi. Tunataka kazi iendelee, shule zinafunguliwa mwezi wa tano." Alisogeza kalamu. "Asiyesaini, wenzake watajiuliza kwa nini. Mimi sitaweza kumlinda."

Nilifikiria kitambaa chini ya godoro. Kama nikisema ninachojua, Chiriku ni mwizi na mwongo, na atafukuzwa leo hii, na dada yangu ataniuliza nilimlea vipi. Nisiposema, nabaki na kusaini au kutosaini. Nilisikiliza moyoni kama kuna linalokataa. Palikuwa kimya.

Nimesaini. Kalamu ilikuwa nzuri.

Jumanne, 26 Machi

Mama Vifungo ndiye pekee aliyekataa. Alitoka ofisini akisema, "Mimi nimeguswa na yule mama miaka sita, kilichonipata ni mafua tu." Kabla ya mapumziko wasichana watatu walianguka kuizunguka meza yake, na mmoja akamnyooshea kidole kutoka sakafuni. Ameambiwa apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa.

Meza ya jirani yangu iko tupu. Naletewa blauzi zisizo na vifungo. Nazitupa kushoto.

Alhamisi, 28 Machi

Nilikwenda benchi kama kawaida. Sijui nilitarajia nini.

"Umesaini?" aliuliza Bi Baridi.

"Nimesaini."

"Haya."

Alifunika chakula chake ambacho hajakigusa, akafunga kitambaa juu, mafundo mawili, akaenda kusimama langoni ingawa hakuna wa kupekua saa saba mchana. Nilimaliza changu. Kilikuwa na chumvi nyingi, au sikumbuki.

Jumanne, 2 Aprili

Jana jioni tulikuwa jikoni, mimi namenya vitunguu, Chiriku anakuna nazi. Mvua ilikuwa inapiga bati hatusikilizani. Niliona mkono wake umesimama. Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma, kisha akaanguka na mbuzi ya nazi, na kichwa kikapiga ukingo wa mlango.

Hapakuwa na Msimamizi. Hapakuwa na wa kutazama, wala kiunoni hapakuwa na kitu. Nilimshika kichwa kisijipige tena. Meno yalikuwa yanasagana. Damu ilitoka kidogo kwenye nyusi, ikanilowesha kwenye kiganja, ya moto. Ilichukua muda mrefu kuliko zote nilizoziona kazini.

Aliporudi alinishika nguo.

"Mama mdogo, sasa siigizi."

"Najua."

"Ile ya kwanza niliigiza. Ya kwanza tu. Niliona jioni inafika, na yeye alisema ataandika, na kitambaa ninacho. Nilifikiri nitaanguka, wanitoe, basi, yaishe. Kisha nikawaona wengine wanaanguka kweli. Nikaogopa. Sasa inakuja yenyewe, siwezi kuizuia."

"Kitambaa kilikuwa cha nini?"

"Blauzi." Alianza kulia. "Blauzi yangu moja. Tunashona maelfu, mama mdogo, hata moja si yangu."

Nilimfunga jeraha. Nilimwambia kesho tuende wote wawili kwa Meneja. Akasema wale wasichana wenzake watamuua. Akasema nimpe siku mbili tatu. Nikampa. Mimi nani wa kumharakisha mtu kusema kweli?

Ijumaa, 5 Aprili

Nitaandika yote, kwa mfululizo.

Saa nne mashine zilizimwa, tukaambiwa tusogeze viti katikati ya ukumbi. Meneja alisimama mbele na ile karatasi, sasa zimekuwa tatu zimebanwa pamoja. Msimamizi alimleta Bi Baridi. Alikuwa amevaa sare yake, imepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

"Hatutaki ugomvi," Meneja alisema. "Tunataka amani. Mama huyu akiri mbele yenu, aombe radhi, ataje aliyemtuma. Nitampa kazi ya kufagia uwanja, asiguse mtu. Yatakuwa yamekwisha."

"Nikiri nini?" aliuliza Bi Baridi.

"Ulichowafanyia."

"Niliwapekua. Mlinilipa kwa hiyo."

"Na aliyekutuma?"

"Wewe," alisema. "Hilo ndilo jina ninalolijua. Ulinikabidhi lango ukaniambia asipite mtu bila kuguswa."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kikakatika. Meneja alikuwa mwekundu wa macho. Alimwambia afikirie vizuri, mvua hii, umri huu, atapata wapi kazi.

"Nikisema nimewaloga nitapata ufagio," Bi Baridi alisema. "Nikisema sikuwaloga nitapata njaa. Njaa naijua, mwanangu, tumekua nayo nyumba moja. Huo uongo siujui. Nitauanzia wapi?"

Hapo ndipo ilipoanza tena. Safu ya mbele, msichana wa pasi alianza kutetemeka mabega, kisha jirani yake. Viti vikaanza kugonga sakafu. Kelele ya viti ndiyo niliyoisikia zaidi. Chiriku alikuwa safu ya pili, amejishika magoti, ananitazama mimi.

Sikuamua. Ningependa kuandika kwamba niliamua. Niliona miguu yangu inakwenda mbele kama miguu ya mtu mwingine, nikamfuata huyo mtu.

"Nipe hiyo karatasi," nilimwambia Meneja. "Saini ya kwanza ni yangu. Nataka kuifuta."

"Kaa chini, mama."

"Sikuguswa kwa namna isiyo ya kawaida. Niliguswa kama kila siku. Nilisaini uongo kwa sababu ya binti yangu." Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikairudia juu zaidi. "Alikuwa na kitambaa cha kiwanda kiunoni. Aliogopa kupekuliwa, akajiangusha. Siku ile ya kwanza aliigiza. Nilikikuta mwenyewe, nikakificha chini ya godoro langu, kipo mpaka leo."

 Hata wale waliokuwa wanatetemeka walitulia kidogo kusikiliza.

"Chini ya godoro lako," Meneja alisema taratibu. "Kwa hiyo mwizi ni wewe."

"Andika hivyo ukitaka. Lakini futa jina langu."

Akamgeukia Chiriku. "Ni kweli anachosema mama yako?"

Chiriku alisimama. Plasta bado ilikuwa kwenye nyusi.  Wasichana wa safu yake wote walikuwa wamemgeukia, wale waliolala sakafuni pamoja naye, waliomshika mkono.

"Mama mdogo hayuko sawa," alisema. "Tangu baba mdogo afariki. Halii, hacheki. Anaongea na daftari."

Kwa nyuma mtu akapiga kelele kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakula na Bi Baridi benchi moja, kila siku, si mliona? Wakaanza kuanguka tena, safu kwa safu, wakati huu kwa jina langu.

Tulitolewa wote wawili, Bi Baridi na mimi. Kijana mgeni alikuwa amewekwa langoni kutupekua. Alitutazama, akaficha mikono yake nyuma, akatuonyesha njia kwa kidevu. Nje, kwenye mvua, nilisema, "Nisamehe, dada."

"Leo umenisemea," Bi Baridi alijibu. "Ile siku nyingine ulinisainia. Zote mbili ni zako, mwenzangu, usinipe nikuchagulie."

Akafungua mwavuli wake, akaenda upande wake.

Jumamosi, 6 Aprili

Chiriku alikuja asubuhi kuchukua nguo zake. Anahamia kwa rafiki yake wa mashine ya ishirini. Nilimsaidia kufunga begi. Sikulia na yeye hakulia.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimelala mpaka saa tano.

Alhamisi, 18 Aprili

Mama Vifungo amepita kunijulia hali. Hakuitwa tena na hatarudi, anashonea watu vifungo nyumbani. Anasema kiwandani wameendelea kuanguka wiki nzima baada ya sisi kutolewa. "Mchawi kaondoka, uchawi umebaki kufanya kazi ya ziada," alisema. Nilisikia sauti ya ajabu kidogo chumbani. Nilikuwa nacheka. Kisha nikalia mpaka akakosa la kufanya, akakaa tu, akishona kifungo.

Jumatano, 24 Aprili

Jua. Mama Vifungo anasema wamefungua madirisha kiwandani.

Jumamosi, 4 Mei

Chiriku alikuja saa tatu asubuhi, amekonda. Alisimama mlangoni kama mgeni mpaka nilipomwambia aingie.

"Hakuna anayeanguka tena," alisema. "Tangu madirisha yafunguliwe. Na hakuna anayesema chochote, mama mdogo. Jana mwenzangu mmoja aliniuliza, 'Unakumbuka tulivyokuwa tunaanguka?' Alikuwa anacheka, kama anakumbuka sherehe." Alikaa. "Nimeacha kazi. Nimemwambia Meneja kweli yote. Akasema mambo yamekwisha, niende zangu, nisimwamshe aliyelala."

"Na sasa?"

"Nipeleke kwake."

Bi Baridi anakaa chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji saba, wenye uwanja mmoja na bomba moja. Tulipofika wanawake walikuwa wamepanga ndoo. Yeye alikuwa amekaa mlangoni kwake na ndoo tupu, hayumo kwenye foleni. Nilimuuliza jirani mmoja kwa nini. Akasema, bila ubaya wowote, "Yule huteka wa mwisho, tukishamaliza. Si unajua mikono yake."

Chiriku alipiga magoti mbele yake. Alisema kwa sauti ya chini, haraka, yote: kitambaa, kuanguka, "yule wa langoni", mkutano. Alilia katikati, akaendelea.

Bi Baridi alisubiri amalize.

"Sikusikia," alisema.

Chiriku akaanza upya, juu zaidi. Ndoo moja ilikuwa imejaa inamwagika na hakuna aliyefunga bomba.

"Simama," Bi Baridi alisema. "Mimi najua uliyoyafanya, nilikuwepo. Geuka uwaambie wale."

Nilitaka kumwambia inatosha, mtoto ameshalia.  Chiriku alisimama, magoti yana vumbi, akawageukia wanawake sita wasiomjua na ndoo zao. Akawaambia alikuwa mwizi wa kitambaa. Akawaambia alijiangusha. Akawaambia mikono ya huyu mama haina kitu, haikuwahi kuwa na kitu, ni baridi tu, wengine huzaliwa hivyo. Alisema polepole, kola kwa kola, kama anayeshona mbele ya mkaguzi.

Alipomaliza, yule jirani niliyemuuliza akainama, akashika ndoo yake iliyokuwa chini ya bomba, akaisogeza pembeni na maji yake nusu.

Bi Baridi aliinuka. Hakutushukuru, hakutukaribisha ndani. Alipita katikati yetu na ndoo tupu, akaenda kukinga.